Mtoto Aliyefika na Mkeka

Mwananyamala, Dar es Salaam
21 Januari 2024

Kwa Baba Mdogo Revelian, mkubwa wa nyumba yetu na mwenye kiti cha kikao. Kwa wazee mlioketi kuume na kushoto kwake. Kwa mama zetu. Kwa ndugu zangu na wake wa ndugu zangu. Na kwako Jovina, mdogo wangu, ambaye nyumba imekukabidhi kazi ya kusoma barua hii kwa sauti ili pasiwepo atakayesema hakusikia.

Shikamooni, wazee wangu. Wengine nyote nawasalimu kwa heshima inayomstahili kila mmoja.

Huku tuko wazima, ila mama watoto bado anasumbuliwa na mguu, na kila akisimama jikoni kwa muda unavimba. Mwanetu Daniel amepata kazi ya ualimu wa muda Kunduchi na hutoka hapa kabla jua halijachomoza. Tulipata habari za mazishi ya jirani yenu kwa kuchelewa. Poleni sana.

Sasa naomba ruhusa ya kuingia katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Desturi ya nyumba yetu ni kwamba jambo la mtoto halizungumzwi kwa simu. Huandikwa, likasomwa mbele ya watu, likajibiwa mbele ya watu. Naifuata.

Mtakumbuka kwamba ndoa ya Stanley, mdogo wetu wa mwisho, ilivunjika mwaka juzi. Agosti iliyopita, alipohamishiwa kazi Bukoba, tulikaa sebuleni kwangu pamoja na Editha, aliyekuwa mkewe, na Mama Adelina, mzazi wa Editha. Tukakubaliana, bila mtu kupaza sauti, kwamba binti yao Clara atakaa na mama yake Mbagala muda wote wa masomo, na likizo za Juni na Desemba atakuwa kwa baba yake. Tukakubaliana pia kwamba hatapandishwa basi peke yake wala kukabidhiwa kwa kondakta kama kifurushi. Atatoka mkononi mwa ndugu na kuingia mkononi mwa ndugu. Mimi nilijitoa kuwa mdhamini wa pande zote mbili, na Mama Adelina alinishika mkono akaniambia, "Baba, mie nakujua wewe. Huyo mwingine simjui tena."

Desemba, Jovina alikuja Dar kwa shughuli zake, na aliporudi Kamachumu akaondoka na mtoto ili amfikishe kwa baba yake Bukoba. Tulimshukuru Mungu kwa nafasi hiyo. Shule zimefunguliwa, na dawati la Clara la darasa la pili liko tupu. Editha ni fundi cherehani, na sare ya mwanawe ameshaishona. Kila Jumapili hunijia baada ya misa na swali moja tu: "Shemeji, wamesema lini?"

Naomba kikao kinijibu. Ni lini, na nani atamleta?

Ni mimi,
Gozbert


Kamachumu
11 Februari 2024

Kaka yangu mpendwa Gozbert,

Shikamoo. Wazee wote wameniagiza salamu zako, na Baba Mdogo Revelian anasema barua yako ilisomwa vizuri na ikasikilizwa kwa utulivu. Mpe shemeji yangu pole ya mguu. Huku msimu wa senene ulikuwa wa kusuasua, na walioshika walishika kidogo. Kahawa inatia moyo. Shuleni kwangu tumepata madarasa mawili mapya, na kama mwalimu mkuu sina budi kushukuru, ingawa madawati hatuna.

Kikao kimekaa na kimenituma nikuandikie uamuzi wake.

Mtoto alifika kwetu na mkeka. Wewe ni mkubwa wangu, na mambo ya nyumba hii hayahitaji mimi kukufundisha. Binti anayeletwa na upande wa mama yake akiwa na mkeka wake wa kulalia ameletwa akae. Maana yake walikotoka hawamwekei tena mahali pa kulala. Baba Mdogo aliunyoosha mkeka ule ukumbini mbele ya watu, akauliza kama kuna mwenye neno la kuupinga. Hapakuwa na mwenye neno. Mkeka ukaingizwa chumbani. Kwa hiyo wazee wanasema hawajamzuilia mtu mtoto wake. Wamepokea walichopewa.

Binti ni mzima. Amenawiri. Asubuhi huenda nami shuleni, na jioni ananisaidia kuchambua mboga. Anaimba. Nyumba ilikuwa imenyamaza sana, kaka, na sasa haijanyamaza.

Stanley ni salama. Kazi zimemsonga.

Mdogo wako,
Jovina


Mwananyamala
3 Machi 2024

Mdogo wangu Jovina, na kupitia kwako wazee wote,

Marahaba. Shikamooni. Mama watoto alilazwa siku chache katika hospitali ya hapa kwetu, na sasa yuko nyumbani anaamuru watu akiwa kitandani, jambo ambalo kwangu ni dalili ya kupona. Mvua zimeanza mapema na uwani kwetu maji yanasimama.

Jibu lenu nililipeleka Mbagala mwenyewe. Sikutaka kulisema kwa simu. Nilimkuta Mama Adelina amekaa barazani anabangua korosho alizoletewa kutoka kwao Masasi, na Editha yuko kwenye cherehani. Nilisoma. Nilipofika penye neno mkeka, cherehani ilinyamaza.

Mama Adelina alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Mkeka?" akasema. "Mkeka wangu ule? Baba, sie kwetu mtoto hasafiri mikono mitupu. Nilisikia huko kwenu kuna baridi, sakafu ni za saruji. Nikasema mjukuu wangu asije akalazwa chini. Basi! Hilo nalo ni kosa?"

"Siyo kosa, mama," nikamwambia. "Kwetu lina maana nyingine."

"Maana gani? Mie nilimsusa lini? Mtu unamsusa ukamfungia na korosho?"

Editha akakata uzi kwa meno. Mama yake akaendelea, na hapa, wazee, naomba mnisikilize kwa makini: "Na yule dada yako nilimwambia palepale stendi Mbezi. Nilimpa mkeka mkononi, nikamwambia, mama, huu urudi na mwenyewe, ni wa kwao nyumbani. Akanijibu, hewala mama, utarudi. Wewe ulikuwa umekwenda kuhangaikia mizigo. Muulize."

Ninakuuliza, Jovina. Ni mbele ya kikao ninapokuuliza. Baba Mdogo aliponyoosha mkeka na kuuliza nani ana neno, wewe ulikuwa umekaa wapi?

Wazee wetu sina lawama nao. Waliona walichoona, wakakitafsiri kwa desturi wanayoijua. Lakini palikuwa na mtu mmoja ukumbini aliyejua kwamba tafsiri ile si yenyewe. Mama wa Masasi ametuma mkeka ili mtoto apate joto, nanyi mmeupokea kama talaka ya mtoto. Kosa la namna hii lingeweza kutokea kati ya nyumba yetu na yao tu, na lingeweza kuondolewa kwa sentensi moja.

Yako mambo mengine mawili. Umeandika kwamba Stanley ni salama na kazi zimemsonga. Sikukuuliza afya yake. Nakuuliza yuko wapi. Mimi simu yake haipokelewi tangu kabla ya Krismasi.

La pili ni dogo, na huenda mimi ni mzee wa ukaguzi wa shule niliyezoea kutafuta makosa. Barua yako nzima inamsifu mtoto. Lakini jina lake hukuliandika hata mara moja.

Kaka yako,
Gozbert


Kamachumu
30 Machi 2024

Kaka Gozbert,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Wazima wote. Baba Mdogo ana kikohozi. Shemeji apone.

Barua yako nimeipata kwa kuchelewa, maana basi lililoileta liliharibikia njiani. Sehemu zilizohusu kikao zimesomwa. Wazee wanasema jambo lililokwisha kuingizwa chumbani halitolewi tena ukumbini kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja wa upande wa pili.

Stanley ni mtu mzima. Mwulize mwenyewe.

Kuhusu mtoto, anasoma, anakula, analala. Sijui unataka niandike nini zaidi.

Sasa nami nikuulize. Mtu wa kwetu anayefanya kazi Temeke amesema alikuona ofisi ya ustawi wa jamii, umekaa kwenye benchi na Editha. Ni kweli? Mtu mzima wa nyumba hii anawezaje kukaa kwenye benchi na watu wa nje kuishtaki nyumba yake?

Usimtume Editha huku. Barabara ni mbaya kwa mvua, na hakuna atakachopata.

Jovina


Mwananyamala
28 Aprili 2024

Jovina, mdogo wangu,

Barua hii ni yako peke yako. Usiisome kikaoni. Nimeifunga na nimempa mwalimu mwenzako aliyekuwa akirudi kutoka likizo, ili isipite mikono mingine.

Huku mvua imetutesa. Bondeni watu wamehama na magodoro vichwani, na Daniel alikaa Kunduchi wiki nzima asiweze kuvuka. Sisi tumepona. Mama watoto anatembea kwa fimbo na hapendi aonwe nayo.

Uliniandikia nisimtume Editha. Sikumtuma. Wakati kalamu yako inaandika maneno yale, yeye alikuwa ameshafunga mkoba wake. Nami siku hiyo sikujua. Nilijua aliporudi, akaja moja kwa moja kutoka stendi hadi kwangu, nguo zina matope hadi magotini.

Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesimulia safari ya mtu mwingine. Alibisha hodi kwako Jumatatu ya Pasaka. Ulimkaribisha. Ulimwita wifi. Ulimpa chai na ndizi, ukamwuliza habari za mama yake na za cherehani. Mlicheka, asema, kuhusu jambo fulani la zamani la harusi yake, keki iliyoanguka. Alipouliza Clara yuko wapi, ulimwambia amekwenda Mwanza na baba yake, watarudi baada ya wiki. Ulimsindikiza hadi barabarani ukiwa umembebea mkoba. "Shemeji," akaniambia, "alinikumbatia. Yaani wifi alinikumbatia hadi nikamwonea huruma, nikajilaumu kwa nini nilimdhania vibaya."

Nilimwamini Editha, na nilitaka kukuamini wewe. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo desturi yetu inakataza. Nilipiga simu. Sikukupigia wewe. Nilimpigia Baba Mdogo Revelian siku niliyojua kwamba watoto hupelekwa kwake kusali rozari, nikaomba kuzungumza na mtoto. Haya ndiyo mazungumzo yetu, neno kwa neno, kwa kuwa tangu siku ile hayajanitoka.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, Clara. Hujambo mwanangu?"

Nikadhani simu imekatika.

"Huku siitwi hivyo."

"Unaitwaje?"

"Kokugonza. Clara tumemwacha Dar."

"Nani kasema hivyo?"

"Shangazi. Kasema nikizoea kabisa nitapewa na viatu vyake."

"Viatu vya nani, mama?"

"Vya Kokugonza yule mwingine. Vipo kabatini. Vina kifungo pembeni."

Nikamwuliza kama baba yake alimpeleka Mwanza. Akasema baba hajamwona tangu afike. Nikamwuliza kama mama yake alikuja. Akashusha sauti. "Alikuja. Nilikuwa chumbani. Nilimsikia anacheka na shangazi. Shangazi alisema nikitoka mama atalia, na mie sikutaka alie. Nikakaa." Halafu akaniuliza, "Baba mkubwa, mama alicheka nini?"

Jovina, swali hilo nakuletea wewe.

Binti yako Kokugonza nilimbeba mimi siku ya ubatizo wake. Nilikuwa na mwisho wa kamba ya jeneza lake mkononi mwangu. Usidhani ninaandika haya kama mkaguzi. Lakini mtoto wa darasa la pili amekaa nyuma ya mlango, akamsikia mama yake akiondoka, akanyamaza kwa upendo. Hilo ni jambo la kumfundisha mtoto?

Kikao sijakiambia. Ninakupa nafasi ya kulimaliza hili mwenyewe. Likizo ya Juni inakaribia. Mlete. Shuka naye stendi Mbezi ukiwa umemshika mkono, mkabidhi kwa mama yake, nami nitawaambia watu wote kwamba ni wewe uliyeamua, na hakuna atakayekuuliza lililopita.

Niandikie upesi.

Gozbert


Kamachumu
19 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Sitakupa habari za mvua wala za kahawa.

Uliuliza Stanley yuko wapi. Nitakwambia. Desemba tuliposhuka Bukoba, mimi na mtoto, hakuwa stendi. Tulikaa juu ya mizigo. Kila mwanaume aliyevaa shati jeupe akipita, mtoto alisimama. Nilimpigia simu, ikapokewa na mwanamke. Akaniambia kwa adabu tu, kama anayejibu mteja, kwamba Stanley yuko Kampala na hatarudi mwaka huu, na kwamba habari za mtoto yeye hakuambiwa. Baadaye Stanley alinitumia ujumbe: "Dada nisaidie kumkalia kwa muda." Muda gani? Hajasema. Sasa niambie wewe uliyeandika makubaliano mazuri namna ile sebuleni kwako. Mliandika nani atamtoa na nani atampokea, na safari hii ifanywe vipi. Mliandika nini kuhusu baba asiyekuja?

Nilipaswa kukupigia simu siku ileile, najua. Mtoto aliniuliza, "Shangazi, mie nitalala wapi?" Nikasema, kwangu. Nikamtandikia ule mkeka chini, karibu na kitanda cha Kokugonza, kwa kuwa chumba kingine sina. Kulipokucha nilimkuta amepanda juu. Alikuwa amelala kwa ubavu, amekunja goti moja. Kaka, tangu tumzike mwanangu hakuna mtu aliyelala pale. Nilikuwa natandika na kutandua shuka za kitanda kisicholaliwa. Nilisimama mlangoni, nikamwamsha kwa jina lililokuja. Akaitika. Hakukosea, hakuuliza. Aliitika.

Basi.

Unasema mimi nilinyamaza mkeka uliponyooshwa. Nilinyamaza. Mama Adelina aliniambia urudi, nami nilijibu hewala. Vyote ni kweli, na vyote ningevifanya tena. Unataka niombe radhi kwa kuwa wazee waliona wanachopenda kuona? Mimi nimekaa katika nyumba hii kama jirani. Siku ya mazishi mlinililia, mkala, mkawahi mabasi yenu. Wewe pia, kaka. Ulikuwa na ukaguzi Kibaha. Hamkurudi kuanua tanga na kuufunga msiba. Mlisema mtarudi. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, na mwanangu akafuata, na mimi nikaambiwa na kila mtu kwamba ni mwalimu, nina moyo.

Editha ni kijana. Ana mama yake. Ana cherehani yake, na Mbagala imejaa watu. Mimi nina nini?

Sitamleta. Siku ya kikao ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano Juni. Ukiandika kikaoni, wataamua kama walivyoamua. Msomaji ni mimi.

Na hukunijibu kuhusu lile benchi.

Jovina


Mwananyamala, Dar es Salaam
9 Juni 2024

Kwa Baba Mdogo Revelian, mkubwa wa nyumba yetu. Kwa wazee wote mlioketi pamoja naye. Kwa mama zetu, ambao safari hii nawaomba msogee mbele. Kwa ndugu zangu, kuanzia mkubwa hadi aliyezaliwa mwisho, naye najua hayupo. Kwa Anselmo, katekista wetu, niliyemwomba aisome barua hii badala ya msomaji tuliyemzoea. Na kwako Jovina, ambaye nimeomba uketi kando ya Baba Mdogo ukiwa msikilizaji kama sisi sote.

Shikamooni.

Sitaleta habari za nyumbani kwangu leo. Tuko hai.

Kwanza ninajibu swali nililoulizwa nikalikwepa. Ndiyo. Mtu aliyeniona kwenye benchi la ustawi wa jamii Temeke aliona sawasawa. Nilikwenda na Editha mwezi Februari, siku chache baada ya kupata jibu lenu la kwanza, na nikarudi naye kila alipoitwa. Sikuwaambia kwa sababu nilitumaini kwamba barua zingefanya kazi kabla ofisi haijafanya. Shauri lilifika Mahakama ya Watoto. Stanley aliitwa kwa njia zote zinazokubalika, wala hakuitikia. Nilisimama nikiwa shahidi. Hakimu aliniuliza mimi ni nani kwa mtoto, nikasema ni baba yake mkubwa. Akauliza nimekuja kutetea upande gani. Nikasema nilikuwa mdhamini wa pande mbili, na upande mmoja umevunja neno langu.

Mahakama imeamua kwamba Clara arejeshwe kwa mama yake Mbagala kabla mwezi huu haujaisha. Nakala ya amri imefungwa pamoja na barua hii. Ikipita tarehe, watakaokuja kumchukua ni askari wa dawati la watoto, na mtoto yule, ambaye ameshajifunza kujificha nyuma ya milango, atatolewa mlangoni na watu wenye sare. Nyumba hii isikubali aondoke hivyo.

Wazee wangu, suala la mkeka nimelieleza katika barua ya Machi. Nimeambiwa kwamba sehemu ile haikusomwa. Kwa hiyo nalisema tena: Mama Adelina alimpa mjukuu wake mkeka ili asipate baridi, na alisema mbele ya mtu wetu kwamba urudi naye. Mtoto hakuletwa akae. Uamuzi wenu ulikuwa wa haki kwa yale mliyoyajua, na sasa mnayajua mengine.

Kuhusu mdogo wangu Jovina, aliyoniandikia mimi peke yangu yatabaki kwangu. Nitasema lile ambalo ni letu sote. Tulimzika Kokugonza tukatawanyika siku ileile. Mimi ni miongoni mwa waliowahi basi. Tulimwacha mama yake na chumba kimoja na kitanda kimoja, tukamsifu kwa uvumilivu, na sifa ile ikawa kisingizio cha kutokurudi. Tanga la binti yule halijaanuliwa hadi leo. Jovina amemweka mtoto wa mwingine katika pengo ambalo sisi tulikataa kukaa nalo pamoja naye hata wiki moja. Alilofanya kwa Editha ni la kikatili, nami silifuniki. Alilomfanyia Clara ni zito zaidi, na huenda litamsumbua mtoto huyo akiwa mtu mzima. Lakini asiwepo mmoja wenu atakayemnyooshea kidole leo ilhali mikono yake haijawahi kumwandalia mwenzake chai baada ya mazishi.

Editha nilimsomea barua hii kabla ya kuituma. Nilimwuliza kama ana neno kwa kikao. Akaitoa sindano mdomoni. "Waambie mie siwadai kitu," akasema. "Ila wifi asije stendi. Nikimwona atanikumbatia tena, na mie sitaweza kustahimili." Kisha akauliza, "Shemeji, hivi nikimwita Clara ataitika?" Nilimwambia ataitika. Sijui kama nilisema kweli.

Sasa nautamka uamuzi, na kama mdhamini ninaomba kikao kiutekeleze bila kuuahirisha.

Kuanzia barua hii itakapokunjwa, kila mtu wa nyumba hii amwite mtoto Clara, na akikaa kimya aitwe tena kwa upole hadi azoee. Alhamisi ya tarehe ishirini nitakuwa nimefika kwenu. Tutalala kwa Jovina sote, wanaume ukumbini, wanawake ndani, na tutaanua tanga la Kokugonza kama ilivyopasa tangu mwanzo. Watakaosema wana kazi waseme leo mbele ya Jovina. Jumamosi alfajiri Clara ataondoka Kamachumu. Mama zetu wawili watabaki na Jovina, siyo kwa siku moja, na Baba Mdogo atawataja.

Sitamchukua mtoto mimi. Nimekuwa shahidi wa upande mmoja, na mdhamini wa namna hiyo haaminiki tena na wote. Kwa hiyo linabaki la mwisho, nalo ni lenu. Anahitajika mwanamke wa nyumba hii atakayemshika Clara mkono kutoka hapo hadi Mbezi, akae naye dirishani njia nzima, amweleze tangu mwanzo wa safari kwamba anakwenda kwa mama yake, na akishuka amkabidhi Editha mkononi, aseme kwa sauti amemleta kutoka kwa nani.

Anselmo, ukifika hapa acha kusoma, ukae. Asiinuke mtu kwenda nyumbani kabla mama huyo hajasimama.

Gozbert